Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Filamu: Tunaomba Mahali pa Kutazama Pamoja

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya utamaduni na burudani katika Serikali ya Kaunti ya Mombasa, na kwa wenzao wa kitaifa wanaosimamia uainishaji na ukuzaji wa filamu nchini Kenya.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu nyingi za heshima, nawaandikia kwa niaba ya baraza moja la Mji wa Kale ambalo halina katiba, halina mwenyekiti, wala halijasajiliwa popote. Ni viti viwili virefu vya mawe mbele ya nyumba ya zamani, pamoja na muuza kahawa ambaye huweka dele lake hapo kila usiku baada ya sala ya Isha. Watu huja, hunywa finjani mbili tatu, hutafuna kashata na kuzungumza. Mabaraza mengine ya mtaa huu huzungumza siasa au mpira. Letu, kwa sababu ambazo hakuna anayezikumbuka vizuri, huzungumza filamu.

Ombi letu nitalitaja mapema, ili msomaji mwenye shughuli nyingi asilazimike kulitafuta mwishoni. Tunaomba pawe na mahali pa wazi katika kisiwa cha Mombasa ambapo angalau mara moja kwa mwezi wananchi wataweza kutazama filamu pamoja, bila malipo au kwa malipo madogo, filamu za Kiswahili zikitangulizwa, na baada ya filamu wapewe nafasi ya kusema walichokiona. Mengine yote katika barua hii ni maelezo ya kwa nini tunaamini kwamba jambo hili liko mikononi mwenu.

Huenda mkadhani kwamba watu wa barazani wakizungumza filamu husema tu kwamba picha ilikuwa tamu na stelingi alipigana vizuri. Hayo yapo, sikatai. Lakini chukueni mfano wa Dune, ambayo sehemu yake ya pili, iliyoongozwa na Denis Villeneuve, ilitoka mwaka 2024 na ikazungumzwa kwetu kwa zaidi ya wiki moja. Watu wa jangwani katika filamu hiyo humwita kijana shujaa "Lisan al-Gaib", na mtazamaji wa Kiingereza hufasiriwa kwamba maana yake ni sauti itokayo ulimwengu wa nje. Mtoto aliyesoma chuoni, yaani madrasani, hapa Mombasa hana haja ya tafsiri hiyo, kwa kuwa lisani ni ulimi na ghaibu ni kile kisichoonekana, na maneno yote mawili yamo katika Kiswahili chetu. Jina jingine la shujaa huyo ni Muad'Dib. Mwalimu mmoja mstaafu alitueleza kwamba kwa Kiarabu neno linalofanana na hilo ni la mtu anayewafunza wengine adabu, na muuza kahawa, ambaye alikuwa kimya usiku kucha, akauliza: ikiwa ni hivyo, mbona katika sehemu ya kwanza alimfokea mama yake ndani ya hema?

Mwalimu huyo alikuwa amekisoma kitabu chenyewe, alichokichapisha Frank Herbert mwaka 1965, na alituambia kwamba neno jihadi limetumiwa humo waziwazi, ilhali katika filamu limeondolewa na pahali pake pakatiwa maneno yenye maana ya vita vitakatifu. Yeye aliona kwamba huko ni kumwogopa mtazamaji, na kwamba hadithi inayoonya dhidi ya kufuata kiongozi kama vipofu hupungua makali neno lake kuu linapofichwa. Dereva wa tuktuk aliyekuwa ameegemea ukuta alimpinga, akisema kwamba neno hilo limekwishawatia vijana wa mtaa wetu mashakani vya kutosha, na kwamba kama yeye ndiye angekuwa na filamu hiyo, angefanya vivyo hivyo. Waliendelea hadi kahawa ikaisha. Sitasema nani alishinda, maana hata wao hawajakubaliana mpaka leo, lakini mjue kwamba mazungumzo ya namna hii hufanyika kila usiku, kwa Kiswahili, baina ya watu ambao hakuna mtengenezaji wa filamu aliyewahi kuwauliza neno.

Wala mazoea haya si mapya. Wazee wetu walikuwa na Regal, walikuwa na Naaz, walikuwa na Majestic, na huko walikwenda kutazama "picha", kama walivyoziita, nyingi zikiwa za Kihindi. Wachache ndio waliojua Kihindi, lakini wote walitoka na nyimbo vichwani. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijenga sehemu kubwa ya taarabu yake juu ya lahani za filamu hizo, akizivika mashairi ya Kiswahili mpaka asiyejua zilikotoka akadhani zimezaliwa Kibokoni. Leo tunabishana kuhusu kitabu kugeuzwa filamu. Mji huu ulikwisha kugeuza filamu kuwa taarabu, na anayetuona wageni katika fani hii hajawahi kualikwa harusi ya Mombasa.

Kumbi hizo za zamani zilifungwa. Za kisasa zipo ng'ambo ya Daraja la Nyali, ni nzuri, zina kiyoyozi, na siwalaumu wenye nazo kwa kuonyesha kile kinachowarudishia gharama zao, kwani mfanyabiashara hakula kiapo cha kulinda utamaduni wa mtu. Ila mkazi wa Kuze au wa Likoni mwenye watoto watatu hufanya hesabu ya tiketi, ya nauli ya kwenda na kurudi na ya vitafunio ambavyo watoto hawatakubali kuvikosa, kisha huwaambia kwamba picha itakuja kwenye simu. Huja kweli, na kila mmoja huitazama peke yake, kwenye kioo cha upana wa kiganja.

Niruhusuni nieleze tulivyoitazama Vuta N'kuvute. Hiyo ni filamu ya Mtanzania Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, hadithi ya Yasmin, msichana wa Kihindi wa Zanzibar ya miaka ya 1950 aliyeozwa mwanamume aliyempita umri kwa mbali, na mapenzi yake kwa Denge, kijana aliyejitia katika harakati za kupigania uhuru. Imeandikwa kwa Kiswahili na kuchezwa kwa Kiswahili, na mji inaousimulia ni jirani yetu wa bahari na wa damu, kwa kuwa nyumba nyingi za mtaa huu zina shangazi au mjomba Unguja. Filamu hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto, Kanada, mwezi Septemba mwaka 2021. Sisi tuliipata baadaye sana, tukaitazama watu saba katika duka la fundi cherehani, kompyuta ndogo ikiwa imewekwa juu ya cherehani yenyewe kwa sababu hapakuwa na meza nyingine. (Msiniulize nakala ilitoka wapi; nitalifikia hilo.)

Mwalimu alikuja na kitabu chake kilichokwisha kupoteza jalada, na kila mara alitaka filamu isimamishwe ili atusomee kilichoachwa. Baada ya mara ya nne tulimnyang'anya kitabu. Hoja yake, hata hivyo, ilikuwa na uzito: riwaya ile ina watu wengi, ina mizaha, ina makelele ya mtaa na mabishano ya usiku kama haya yetu, na filamu ya kiasi cha saa moja na nusu haiwezi kuwabeba wote, hivyo mwongozaji amechagua kwenda polepole na kuacha picha ziseme. Mimi nilitamani Mwajuma, yule shoga yake Yasmin, apewe nafasi zaidi, kwa sababu kila anapoingia kitabuni ukurasa huchangamka. Dada wa fundi, ambaye alikuwa akitia vifungo kwenye kanzu za watu muda wote huo, alisema kwamba sisi wanaume tunahesabu maneno yaliyoachwa ilhali uso wa yule msichana umekwisha kusema kurasa tatu bila kufungua mdomo. Hapo sikuwa na la kumjibu.

Lakini sehemu nyingi za filamu ile ni za usiku, katika vichochoro, kwa mwanga wa taa ndogo. Katika kioo kile kidogo, kila usiku ulipoingia katika hadithi, tulichokiona ni nyuso zetu wenyewe saba, na nyuma yetu taa ya duka. Kuna mahali fulani ambapo Denge anazungumza gizani, nami mpaka sasa nikimkumbuka Denge naona kofia ya fundi. Mtu aliyeipiga picha hiyo alihangaika kuupata usiku wa Zanzibar ulivyo, na sisi, tulio karibu na usiku huo kuliko watu wengi waliowahi kuitazama filamu yake, hatukuuona.

Sasa nije kwenye tamthilia za televisheni zinazohusu Pwani, ambazo miaka ya karibuni zimekuwa nyingi. Tunazishukuru, kwa kuwa vijana wetu wamepata kazi mbele na nyuma ya kamera, na kwa kuwa jioni Kiswahili husikika katika nyumba ambazo zamani hakikusikika. Lakini barazani kwetu hizo ndizo zinazochekwa zaidi, tena mahali ambapo hazikukusudia kuchekesha. Jini hana budi kutokea kabla ya wiki ya pili. Kila nyumba ina mlango wa nakshi na mke wa pili. Tajiri huvaa kanzu hata akiwa amelala, na katika mji ambao bandari ndiyo inayoulisha, hatujakutana na mhusika hata mmoja anayetoka zamu ya usiku bandarini akiwa na usingizi machoni. Usiku mmoja nilimhesabia bibi wa tamthilia fulani: alisema wallahi mara kumi na moja kabla ya tangazo la kwanza la biashara, na yote mengine aliyoyasema yalikuwa Kiswahili cha kitabu cha darasa la sita. Bibi wa Mji wa Kale akimwita mjukuu wake husema "ndoo hapa", yaani njoo. Hutazama kwa mato, hupika mtele, hupita ndia, na wallahi huiweka akiba kwa siku anayotaka kuaminiwa.

Hili si kosa la waigizaji. Aliyeandika maneno yale hakuwahi kuyasoma mbele ya watu wanaoyasema, na sisi tunaoyasema hatuna mahali ambapo yeye angetukuta. Maoni yetu yakimfikia, huwa ni kejeli fupi iliyotupwa na mtu mwenye hasira, naye ana haki ya kuipuuza. Kama angeketi nyuma ya watazamaji mia mbili wa Mombasa na kusikia ni wapi wanacheka, angejua usiku ule ule kinachohitaji kuandikwa upya.

Na kazi nzuri zipo, ila hutupita. Mwaka 2023 Kenya iliichagua Mvera, filamu iliyoongozwa na Daudi Anguka na kutengenezwa huku kwetu Pwani, iwe ndiyo ya kupelekwa kuwania tuzo za Oscar katika kundi la filamu za kimataifa. Habari hiyo tuliipata redioni. Usiku huo tulikuwa watu kumi na wawili barazani, na aliyekuwa ameitazama alikuwa mmoja.

Mkitaka kujua kiu tuliyo nayo, waulizeni watu wetu ni kitabu gani kingefaa kugeuzwa filamu, kisha mtafute pa kukaa. Mzee aliyestaafu bandarini hataki kusikia kingine isipokuwa Kuli, riwaya nyingine ya Adam Shafi, inayohusu wachukuzi wa bandarini Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Yeye husema kwamba Mombasa ilikuwa na mgomo wake Januari 1947, kwa hiyo filamu hiyo ingeweza kupigwa hapa Kilindini na hakuna ambaye angehisi tofauti. Dada wa fundi anataka Utengano ya Said Ahmed Mohamed, kwa ajili ya Maimuna. Wanafunzi wa sekondari, kwa upande wao, wanasema tusiwaguse na vitabu vya kutahiniwa, maana wamechoshwa na maigizo ya kumbini ambamo mhusika husimama katikati ya kilio chake na kuyataja maudhui kwa mpangilio, la kwanza hadi la tano. Nawaelewa kabisa.

Mimi nina yangu, na haimo katika riwaya yoyote. Ni kisa cha Yusuf bin Hassan. Baba yake, aliyekuwa Sultani wa Mombasa, aliuawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno, na mtoto akachukuliwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa na kupewa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Walimrudisha Mombasa kutawala akiwa Mkristo, mtu wao. Mwezi Agosti mwaka 1631 aliingia Ngomeni, yaani Fort Jesus, ile ile tunayopita mbele yake tukienda kununua viazi karai, kapteni wa Kireno akauawa, na Yusuf akarudi katika dini ya baba yake. Mwaka uliofuata aliuacha mji na kuishia kuwa mtu wa baharini.

Kila ninapokisimulia kisa hiki, swali huwa moja: huyu ni stelingi au ni adui? Vijana husema stelingi, moja kwa moja, na wanakwisha kuchagua atakayemwigiza. Lakini waliouawa Mombasa katika siku zile hawakuwa askari peke yao. Walikuwamo raia, na Wakristo weusi waliokataa kuiacha dini yao. Filamu itakayowasahau watu hao itakuwa imedanganya, na itakayowakumbuka wao tu itakuwa imedanganya vilevile. Mabishano hayo hatuwezi kuyamaliza sisi, kwa sababu baraza letu, nakiri, ni la Waislamu watupu na wanaume karibu watupu. Panahitajiwa mtu wa Frere Town ambaye babu zake waliletwa pale na wamisionari, panahitajiwa mama wa Changamwe, na panahitajiwa Mmijikenda ambaye ataturudisha nyuma zaidi na kutuuliza kwa nini tunasimulia kana kwamba mji ulikuwa wa Waarabu na Wareno peke yao. Baraza la mtaa haliwezi kuwakutanisha watu hao. Uwanja wa umma unaweza, nasi ndiyo maana hatukuomba tupewe televisheni kubwa ya baraza, kama mmoja wetu alivyopendekeza.

Mnaweza kuuliza kwa nini hatukujianzishia wenyewe. Tulijaribu. Mwaka jana tuliazima projekta, tukanunua shuka jeupe la kitanda kikubwa, na fundi akatia pindo pana juu ili mwanzi upite. Mwenye ua alikubali. Kwa kuwa hatukutaka kufanya jambo la kificho, watu wawili kati yetu walikwenda katika ofisi moja ya umma kuomba ruhusa. Waliambiwa ruhusa ya mkusanyiko haitolewi hapo. Katika ofisi ya pili waliulizwa kama filamu imekwisha kuainishwa, wakaulizwa kama tuna leseni ya kuonyesha, na walipouliza leseni hiyo huombwa vipi na kwa kiasi gani, walielekezwa ofisi ya tatu, ambayo siku hiyo ilikuwa imefunga mapema. Walirudi mara mbili. Hakuna aliyewatukana wala aliyewaomba kitu. Kila ofisa alikuwa mpole na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba jambo hili ni la mwenzake. Ijumaa tuliyoikusudia ilipita, mwenye projekta akaihitaji, na shuka likarudi dukani.

Hatuombi sheria ivunjwe. Tunajua kwamba Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu ipate kibali kabla ya kuonyeshwa hadharani, na hatuna ugomvi na uainishaji wenyewe. Mzazi ana haki ya kujua kama filamu ni ya wote au ni ya waliotimiza miaka 16 au 18. Lakini sheria hiyo ni ya miaka ya 1960, zama ambazo aliyeonyesha filamu alikuwa mwenye jumba, tiketi na karani wa kumtuma maofisini. Haikumfikiria fundi cherehani mwenye shuka. Kwa mtu kama huyo tunaomba dawati moja, fomu moja ya Kiswahili, ada inayojulikana na jibu kabla ya siku kupita.

Kuhusu ni nani mwenye wajibu, tulichukua Katiba ya mwaka 2010 na kuisoma wenyewe. Katika Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, miongoni mwa kazi za serikali za kaunti zimetajwa sinema, maonyesho ya video, maktaba, makavazi, na vifaa vya michezo na utamaduni. Ibara ya 11 inaitaka Serikali ikuze utamaduni wa taifa kupitia fasihi, sanaa na vyombo vya habari, na Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Wenzetu wa kitaifa basi wana kibali na wana hazina ya filamu. Kaunti ina uwanja na ina jukumu la sinema kwa jina lake. Kila upande una nusu ya kitu tunachokiomba, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya zile ofisi tatu.

Mahali pa kuanzia papo. Bustani ya Mama Ngina, baada ya kukarabatiwa mwaka 2019, ina ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia, na mwananchi yeyote anapajua. Jirani zetu wa Zanzibar wamekuwa wakionyesha filamu ndani ya Ngome Kongwe, chini ya nyota, tangu tamasha lao la kimataifa lilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, na haikuwalazimu kujenga kitu kipya. Nawatahadharisheni kuhusu upepo tu. Kuanzia Aprili kusi huvuma kutoka baharini na kulijaza shuka kama tanga, na stelingi akatanuka na kunywea kila anapovuta pumzi. Pazia la Mama Ngina litahitaji fremu ya chuma au ukuta uliopakwa rangi nyeupe. Muda ufaao ni kuanzia saa mbili na nusu, watu wakiwa wamekwisha kuswali, na kumalizika kabla ya saa tano ili wa Likoni wawahi kivuko bila wasiwasi na wa Kisauni wapate matatu. Mwezi wa Ramadhani tupumzike. Kina mama watengewe sehemu kwa anayependa, bila kumlazimisha asiyependa, na taa za njiani ziwashwe mpaka mtu wa mwisho aondoke.

Filamu zitakazoonyeshwa zilipiwe haki zake. Hapa ndipo ninapokiri kuhusu ile nakala ya dukani kwa fundi: ilikuja kwa flashi, kwa mtu anayeuza filamu kumi kwa bei ya soda mbili, na aliyeifanya kazi ile hakupata hata ndururu kutoka kwetu. Hatujivunii. Lakini hatukuwa tumeona mlango mwingine, na mtengenezaji angepata zaidi kwa usiku mmoja wa Mama Ngina uliolipiwa na kaunti kuliko kwa flashi zote za Mwembe Tayari.

Filamu isiyo ya Kiswahili ikionyeshwa, tunaomba iwe na maandishi ya Kiswahili chini yake, na maandishi hayo yakipitiwa na mtu wa hapa, tutakuwa tumepunguza wallahi kadhaa duniani. Baada ya filamu, kipaza sauti kizunguke kwa nusu saa. Mwongozaji akiweza kuwapo, aje. Asipoweza, baraza letu linajitolea kuyaandika yatakayosemwa, kwa hati safi, na kumpelekea. Mwalimu amekubali kazi hiyo kwa sharti kwamba arudishiwe kitabu chake.

Tunapendekeza usiku wa kwanza uwe tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO, kwa azimio la mwaka 2021, iliitenga kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Siku hiyo huwa na hotuba nyingi za mchana, na jioni yake iko wazi.

Tutafurahi kupata jibu, hata likiwa fupi. Likiwa la kukataa, tunaomba litaje ni ofisi gani yenye uwezo wa kukubali, ili tusianze tena ile safari. Shuka bado lipo dukani kwa fundi, na pindo lake la juu amelishona mara ya pili kwa uzi mnene.

Wenu kwa heshima,

Mtazamaji mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa